Viungo vya wali wa kukaanga: kipi ununue kwanza ukiwa Kigoma

Wali wa kukaanga wa nyumbani mara nyingi huishia kuwa wali wenye karoti na njegere. Rangi ipo, harufu ya mafuta ipo, ladha haipo. Tatizo la kwanza ni wali wenyewe, na hilo halihitaji hela: tumia kiporo cha jana, punje zimekauka na kuachana. Kiwe kimelala kwenye friji lakini. Kwa joto la huku kwetu, wali uliokesha mezani ni wa kumwaga, na kuukaanga hakuondoi sumu ambayo bakteria wameshaiacha humo. Tatizo la pili ni kile kinachokoleza, na hicho ndicho cha kwenda nacho dukani. Nimevipanga nikianza na kinachostahili hela yako ya kwanza.

1. Sosi ya soya, ila iliyochachushwa

Hii ndiyo chupa moja ambayo sioni pa kuikwepa. Lakini rafu moja inaweza kuwa na vitu viwili tofauti kabisa vyenye jina lilelile. Ya kweli hutengenezwa kwa soya, ngano, chumvi na maji, ikaachwa ichachuke kwa miezi. Ya haraka hupatikana kwa kuvunja protini ya soya kwa asidi ndani ya siku chache, kisha huongezwa rangi na sukari ili ifanane na mwenzake. Hiyo ya pili ina chumvi kali na uchungu kwa mbali unaobaki kooni.

Geuza chupa usome. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kwa hiyo ukiona maji, chumvi, sukari na E150 (ndiyo rangi ya karameli) vimetangulia, huku soya ikiwa mkiani au haipo, irudishe. Neno hydrolysed nalo ni dalili ya njia ya asidi. Tazama na tarehe ya mwisho wa matumizi. Bidhaa nyingi za namna hii hutufikia kutoka Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200, kisha chupa hukaa dukani muda mrefu kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Ile iliyopangwa dirishani juani usiiguse hata kama imepunguzwa bei.

Kuna nyepesi na nyeusi. Nyepesi ndiyo yenye chumvi na ladha. Nyeusi ni nzito, ina utamu kidogo, na kazi yake kubwa ni kutia rangi ya kahawia. Kama hela inatosha moja, chukua nyepesi. Na ukiitia, chumvi ya kopo iache ilipo: kijiko kimoja cha chakula kina takriban miligramu 900 za sodiamu, ilhali Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe 2,000 kwa siku. Kwa wali wa watu wanne, vijiko viwili vya chakula vinatosha, vimwage pembezoni mwa kikaango ili viunguruke kabla ya kukutana na wali.

Jambo moja kwa wapishi wa Ujiji na kwingineko wanaoangalia halali: uchachushaji huzalisha alkoholi kidogo, na baadhi ya viwanda huongeza nyingine ya kuhifadhia. Tafuta chupa yenye alama ya halali.

2. Unga wa dagaa wa Kigoma

Najua wapo watakaoshangaa kuwaona dagaa wamezipita chupa za sosi. Jikoni za Asia hawangeshangaa. Thailand na Vietnam hukoleza vyakula vya kikaangoni kwa sosi ya samaki wadogo na chumvi. Japani huchemsha niboshi, samaki wadogo waliokaushwa, kupata supu. Dagaa wetu wa Tanganyika ni jamaa wa samaki hao. Isitoshe, samaki mkavu ana inosineti na sosi ya soya ina glutameti, vyote viwili ni viasili vinavyotia ladha nono ya nyama, na vikikutana ladha hukua kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Sasa kwa nini mtu wa Kigoma aagize ladha ya samaki kutoka ng'ambo?

Nenda Kibirizi au soko la Mwanga. Ulizia waliokaushwa kwenye kichanja, si waliomwagwa mchangani, maana mchanga ukishasagwa hautoki tena. Dagaa mzuri anang'aa fedha, anavunjika kwa mlio, na ananukia samaki. Aliyegeuka manjano na kunukia mafuta yaliyochacha atakuharibia kikaango kizima. Mwombe mama akuvunjie mmoja unuse kabla ya kupima. Nyumbani toa vichwa, ambavyo ndivyo vyenye uchungu, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo hadi wawe wakavu kabisa, uwatwange kwenye kinu na kuwachekecha. Kijiko cha chai kimoja kwa kikaango cha watu wawili, kitangulie kwenye mafuta pamoja na vitunguu. Ukizidisha, mlo mzima utakuwa wa dagaa.

Bei hupanda na kushuka. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, waliokuwa na kopo la unga walipika bila wasiwasi. Ukifunga vizuri, unakaa.

3. Tangawizi na vitunguu saumu vibichi

Vinunue vibichi, si vya unga. Saumu iwe ngumu, haijachipua. Tangawizi iwe na ngozi iliyokaza. Vyote viwili vikatwe vidogovidogo na viingie kwenye mafuta ya moto kwa sekunde chache tu, kwani saumu iliyoungua ni chungu.

4. Mafuta ya ufuta

Ni ya kunukishia, si ya kukaangia. Yanayofaa ni ya ufuta uliokaangwa kwanza, yenye rangi ya kahawia. Yale meupe hayana harufu hiyo. Zima moto, nyunyiza kijiko cha chai, geuza, pakua. Nunua chupa ndogo kuliko zote, uiweke mbali na mwanga. Kwa kukaangia, alizeti inatosha.

5. Sosi ya chaza

Nzito, tamu, na inakaa vizuri kwenye nyama ya ng'ombe na pilipili hoho za kukaanga kwa moto mkali. Kwa wali sioni haja yake. Chupa nyingi za bei nafuu zina sukari na wanga kuliko chaza, na ukishaifungua inataka friji.

6. Glutameti (E621), yaani MSG

Huyu anasingiziwa mengi. Ni ladha ileile ambayo Kikunae Ikeda wa Japani aliitenga kutoka kwenye mwani mwaka 1908, na ina sodiamu pungufu sana kuliko chumvi ya mezani. Nimeiweka chini kwa sababu moja tu: ukiwa na namba 1 na 2, tayari unayo.

Vya kuacha dukani

Vifuko vya viungo vya mchuzi ni chumvi, wanga na binzari. Kwenye mchuzi wa mgebuka, samaki wa ziwani, sina ugomvi navyo, ila kwenye kikaango kikavu wanga unashika chini na kila kitu kinageuka njano. Mawese nayo, pamoja na kwamba ni mafuta ya nyumbani, ladha yake ni kubwa mno. Yakiingia, sosi ya soya uliyoilipia hutaisikia. Yaache yangoje maharage.