Nusu siku Mji Mkongwe na mwongozaji wa peke yetu: lipia, ila dai Kiswahili

Niseme mapema kwa wale wasiomaliza kusoma: inalipa. Kumkodi mwongoza watalii wa kwenu peke yenu awatembeze Mji Mkongwe Zanzibar kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri inalipa, hata kama wewe ni Mbongo na umeshavuka Unguja kibao ukaishia Forodhani kula urojo na kupiga picha kwenye milango. Ila kuna namna ya kuifanya, na ofisi niliyobuku nayo siisifii, nitafika huko.

Tulikuwa mimi, mdogo wangu na mama. Mama magoti yanamsumbua na ndio sababu kubwa sikutaka kujiunga na kundi. Makundi yale mmeyaona, watu kama ishirini wanamfuata mtu mmoja kanyanyua kijibendera kwenye uchochoro ambao vespa ikipita lazima mjibanze ukutani, wa nyuma hasikii kitu na wa mbele anakanyagwa visigino, na mzee akitaka kukaa kidogo basi kundi zima linamwangalia kwa jicho la "twende". Sisi tulitaka mtu ambaye mama akisema nimechoka anasema haya tukae.

Sasa ofisi. Tangazo lao ni la Kiingereza nikatuma meseji kwa Kiingereza, bei ikaja kwa dola, na sio dola za kitoto. Nikaandika tena kwa Kiswahili, bei ikageuka shilingi na kushuka palepale bila mimi kuomba, ila ndani yake wameweka usafiri wa kutufuata hotelini. Sisi tulifikia Shangani jamani, humohumo Mji Mkongwe. Gari litutoe wapi litupeleke wapi, mji wenyewe ni wa miguu mwanzo mwisho! Nikawaambia hiyo waitoe, wakaitoa bila hata kubisha, nikajua kumbe inawekwa tu ukinyamaza imeingia. Tukaafikiana laki na nusu kwa wote watatu na wakasema kila kitu kimo. Hakikumo. Tiketi za kuingilia ilibidi tulipe wenyewe mlangoni, na nilipowapigia wakasema "kila kitu" maana yake ni mwongozaji na maji ya kunywa. Kwahiyo ukibuku popote pale uliza neno kwa neno, tiketi zimo au hazimo, na mbebe vitambulisho vyenu vya taifa maana sehemu nyingi raia hatozwi bei ya mgeni.

Mwongozaji wenyewe ndio alituokolea siku. Mtu wa makamo, kazaliwa humohumo ndani ya Mji Mkongwe, kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii kinaning'inia shingoni. Hicho kitambulisho kiangalieni kabla hamjaanza kutembea, maana pale bandarini mkishuka tu kwenye boti papasi, wale wanaowinda watalii, watawavamia na kila mmoja ni mwongozaji, kila mmoja ana bei nzuri, na mkishaingia vichochoroni bei inabadilika.

Tulianza saa tatu Ngome Kongwe na mwanzoni niliona kama hela imepotea. Anaongea vizuri, Kiswahili chake cha mjini kitamu kukisikiliza, ila alikuwa anasoma kitu alichokariri kwa ajili ya wazungu. Ngome ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatimua Wareno mwaka 1698, palikuwa na kanisa la Wareno hapa, sawa. Halafu akatuambia kwamba Waswahili hula kwa mkono wa kulia. Akatuambia sisi! Mama akamwangalia weee, akamwambia, "Mwanangu, sisi hatujatoka Ulaya." Jamaa akacheka mpaka akashika nguzo. "Bi mkubwa nisamehe, ulimi umezoea." Kuanzia hapo akaacha ile kaseti na ziara yenyewe ndio ikaanza.

Ndio maana nasema dai Kiswahili, na usidai lugha tu, mwambie tangu mwanzo nyie ni watu wa hapahapa mnataka mambo ambayo mgeni haulizi. Akatuambia ngome ile iliwahi kuwa gereza, na enzi za Waingereza treni ya kwenda Bububu ilikuwa inaanzia maeneo yale. Treni! Mimi nimefika pale si haba na sijawahi kusikia kama Unguja ilikuwa na treni.

Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, tuliiona kwa nje tu, imezungushiwa mabati. Sultani Barghash aliijenga 1883 iwe jumba la sherehe, na kwa Zanzibar ndilo jengo la kwanza kuwa na taa za umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 upande wa mbele ukaporomoka na ule mnara wa saa, watu wawili wakafa, ilikuwa inafanyiwa ukarabati wakati huo. Mwongozaji wetu alishapandisha wageni kule juu miaka na miaka, ukimsikiliza anavyolielezea utadhani anamzungumzia ndugu yake aliyelazwa. Palepale mbele ya bahari akatuonyesha zilipokaa manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, Khalid bin Barghash kajitangaza sultani bila wao kumtaka, wakampa muda wa mwisho wa kuondoka, muda ukapita, wakafyatua mizinga. Dakika kama arobaini hivi vita imekwisha, Khalid kakimbilia kwa balozi wa Ujerumani. Mama akauliza waliokufa walikuwa wakina nani. Akasema wengi walikuwa watu wa kawaida tu, askari na watumishi waliokuwemo ndani ya majumba, na wenye majina ndio waliopona.

Ila kilichonifurahisha kuliko masultani ni kuta. Yaani sikutegemea. Uchochoro mmoja nyuma ya Hurumzi akatusimamisha mbele ya nyumba mbili zilizoshikana, moja plasta yake inabanduka mabamba mabamba kama chapati za maji, nyingine imechakaa lakini imekaa vizuri. Akaigonga ile ya kwanza kwa kidole, ikalia kama debe tupu. Hii mwenyewe kapiga saruji, akasema. Nyumba hizi ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inapumua, mvua ikiingia unyevu unatoka wenyewe taratibu. Ukiziba kwa saruji unyevu unabaki ndani, unakula ukuta, unafika kwenye boriti, boriti zikioza dari inakuja chini. Boriti zenyewe ni miti ya mikoko na mikoko haina urefu wa kutosha, ndio maana vyumba vya nyumba zile vyote ni vyembamba na virefu, upana wa chumba hauwezi kupita urefu wa mti. Nimelala kwenye vyumba vile nikawa nalalamika vimekaa kama korido, kumbe sababu ni mti! Mji uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000 na mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985, lakini akasema sheria ya kukarabati kwa chokaa mwenye nyumba anaijua, shida ni kwamba saruji iko kila duka na fundi wa chokaa kumpata kazi.

Mama ndio akafunguka sasa. Nani anakaa humu? Kodi analipwa nani? Maji yanapanda vipi ghorofa ya tatu? Jeneza linapitaje hapa? Nikawa naona aibu kidogo lakini jamaa alikuwa anajibu kwa raha kweli, nadhani watalii wake hawamuulizi majeneza. Akaeleza kwamba baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikachukuliwa na serikali na wakaingizwa watu kutoka mashamba, familia chumba kimoja kimoja kwenye nyumba iliyojengwa kwa ajili ya tajiri mmoja. Nyingine ni wakfu, mwenyewe aliziacha kwa ajili ya msikiti au ukoo wake na ziko chini ya kamisheni ya wakfu. Kwahiyo ukiona nyumba imekatika katikati, nusu imepakwa rangi na nusu inadondoka, sio uvivu, wenye usemi humo ndani ni wengi. Na jeneza linapita, bi mkubwa, linabebwa mabegani watu wanapokezana, hakuna uchochoro ulioshindwa.

Milango sitaielezea sana, kila mtu anaielezea. Ile yenye misumari mikubwa ya shaba ni mtindo wa Kihindi, wanasema asili yake huko India ilikuwa kuzuia tembo, na Unguja tembo hakuna imebaki pambo la mwenye uwezo. Alichokifanya vizuri ni kutofautisha anachokijua na kinachosimuliwa. Mnyororo uliochongwa pembeni ya mlango, waongozaji wengi watakuambia hapa alikaa mfanyabiashara wa watumwa, yeye akasema hiyo ni stori ya kumfurahisha mgeni, wapo wanaosema ni ulinzi wa nyumba tu.

Jaws Corner, kijiwe cha kahawa, tukapumzika, mama kwenye baraza, kahawa chungu vikombe vidogo na kashata, wazee wanabishana siasa na mwongozaji wetu akaingizwa kwenye ubishi mpaka nikamkumbusha tunamlipa. Nyumba ya Freddie Mercury tulipita tu. Mdogo wangu alitaka, mama akauliza huyu ni nani, akaambiwa ni mwimbaji, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, kazaliwa Unguja 1946, mama akasema haya tuendelee. Hiyo ndio raha ya kuwa peke yenu, sehemu isiyowahusu mnaipa dakika mbili na hakuna wa kununa.

Mkunazini, kanisa la Anglikana kwenye lililokuwa soko la watumwa, hapo msipange kukimbia. Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Barghash alishinikizwa na Waingereza kuusaini, na mwishoni mwa mwaka huohuo wakaanza kujenga kanisa juu yake. Altare iko pale inapoaminika palikuwa na mti wa kuchapia watu, kuna duara la marumaru sakafuni. Askofu Edward Steere aliyelisimamia kazikwa nyuma ya altare hiyo. Na ukigeuka utaona nguzo ndogo zimesimamishwa kichwa chini miguu juu, mafundi walizipachika askofu akiwa safarini, zikaachwa hivyohivyo. Kuna na msalaba uliochongwa kwenye mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Halafu vile vyumba vya chini, vifupi huwezi kusimama wima, joto, tundu dogo la hewa. Wengi huambiwa hapa watumwa walirundikwa kusubiri mnada, nukta. Yeye akatuambia wazi kabla hatujashuka kwamba wapo wanahistoria wanaobisha, wanasema majengo yale ni ya baadaye, ya wakati wa misheni, akasema lakini biashara yenyewe haibishwi na mtu, na ushahidi wake uko nje pale. Nje ni ile sanamu ya Clara Sörnäs ya 1998, watu watano ndani ya shimo wamefungwa shingoni na minyororo halisi ya zama zile. Mama alikaa pale muda mrefu na hakuna aliyemharakisha. Mimi mwongozaji anayeweza kukwambia "hili linabishaniwa" namuamini na mengine yote.

Kosa la mpangilio ni kwamba tulifika Mkunazini karibu saa sita, jua liko utosini na makundi yote ya hotelini yamefika. Ombeni muanzie huko asubuhi mmalizie baharini kwenye upepo. Ijumaa anzeni mapema zaidi maana ikikaribia swala ya Ijumaa maduka yanafungwa, na Ramadhani mchana msitegemee kahawa wala kashata. Mabega na magoti yafunikwe, huu ni mji wa watu wanaoishi.

Mwisho akatupeleka duka la viungo. Nilijua tu. Vifurushi vya karafuu na mdalasini vimefungwa vizuri na bei ya mgeni imebandikwa juu, muuzaji akaanza maelezo na mama akamkatisha, "Hizi si ndio zile za Darajani, baba?" Mwongozaji akaangalia chini. Hakubisha, akatutoa akatupeleka Darajani kwenyewe, soko lililopo tangu 1904, mama akanunua kwa bei ya watu. Najua pale dukani wanapata chochote na simlaumu, ila nikamuuliza tukiwa njiani ofisi inampa kiasi gani kwenye ile laki na nusu, alichonitajia ni kidogo mno. Kwahiyo bakshishi mpeni mwenyewe mkononi, msiiache ofisini, na mkimpenda mtu chukueni namba yake, mara nyingine mpigieni yeye moja kwa moja.