Zahanati binafsi Malindi: mkataba wa SHA au pesa mkononi?

Tuseme una zahanati ndogo pale Maweni: vyumba vitatu, darubini moja, muuguzi na mtu wa maabara. Ufunge mkataba na SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii ya Kenya inayolipia matibabu, au uendelee kutoza taslimu?

Taslimu ina raha yake. Mgonjwa analipa, jioni unahesabu, kesho unanunua dawa. Lakini ngoja kusi ivume. Bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na mama aliyebeba mtoto mwenye homa anasimama mlangoni, anauliza bei ya kipimo cha malaria, kisha anageuka zake akanunue vidonge dukani.

Kwa mkataba, mama huyo anaingia. Tangu Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya afya ya zamani, huduma za msingi za ngazi ya 2 na 3, yaani zahanati kama yako na vituo vya afya, hulipiwa na Mfuko wa Afya ya Msingi, ambao pesa zake hutoka serikalini. Akishajisajili, na kupiga *147# kwa simu kunatosha, hatakiwi kuwa amechanga ndipo atibiwe. Wagonjwa wataongezeka, hilo sina shaka. Tabu ni pesa kukufikia. Hospitali binafsi zimelalamika hadharani kuhusu malipo ya madai yao kucheleweshwa, na muuza dawa wako hangoji serikali. Tena mtandao ukikatika, foleni nzima inakutazama wewe.

Mimi ningeingia, ila kwanza niwe na akiba ya dawa ya miezi mitatu. Asiye nayo asubiri kidogo, la sivyo atajikuta na foleni hadi barabarani na kabati tupu.