Boksi la fyuzi la ziada kwa pikipiki: lipi ununue, na ulifunge vipi

Inua kiti cha pikipiki iliyoongezewa vifaa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Mara nyingi utakuta ncha ya betri imebebeshwa vichwa vinne au vitano vya waya, skrubu haishiki vizuri, na fyuzi za kuning'inia zimefungwa kwa utepe mweusi uliokwisha kulegea. Taa ikizima njiani hujui uanzie wapi. Boksi la fyuzi la ziada linamaliza msongamano huo: waya mmoja mnene hutoka kwenye betri hadi kwenye boksi, kisha kila kifaa kinapata njia yake na fyuzi yake.

Nimeyapanga maboksi haya kwa swali moja: likiharibika usiku, mbali na fundi, utaweza kulitengeneza kwa ulichonacho? Sura nzuri na wingi wa njia nimevipa uzito mdogo.

Kabla ya kuchagua, hesabu mzigo

Chukua wati za kila kifaa ugawanye kwa 12, utapata ampea. Tuseme una taa mbili za ziada za wati 20 kila moja, vishikio vya joto vya wati 36, chaja ya simu ya wati 20 na jaketi la joto la wati 90. Jumla ni wati 186, yaani ampea 15.5. Fyuzi isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake kwa muda mrefu, kwa hiyo fyuzi kuu hapa ni ya ampea 20. Taa zinatosha fyuzi ya 5, vishikio 5, chaja 3, jaketi 10.

Hesabu ya pili ndiyo inayosahaulika: je, pikipiki inazalisha umeme wa kutosha? Pikipiki kubwa za safari huzalisha wati mia kadhaa, lakini nyingi ndogo zina ziada ndogo sana baada ya kulisha taa na injini yenyewe. Boksi haliongezi umeme hata kidogo. Linagawa tu uliopo.

Jambo jingine ambalo lingeokoa nyaya nyingi likieleweka: fyuzi ipo kulinda waya. Ukiweka fyuzi ya ampea 30 kwenye waya mwembamba kwa sababu ile ya 10 inakatika kila mara, waya ndio utakaogeuka fyuzi, na utaungulia chini ya tangi la petroli.

1. Boksi la kawaida pamoja na rilei ya nje

Hili ndilo chaguo langu la kwanza. Unanunua boksi lisilo na elektroniki yoyote ndani, lenye njia 4 au 6, halafu unafunga rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa) ya ampea 30 au 40 kando yake. Blue Sea Systems, kampuni inayotengeneza vifaa vya umeme vya boti, ina 5045 ya njia 4 na 5025 ya njia 6. Ya pili ina pia safu ya kukusanyia waya za hasi, jambo linalorahisisha kazi kuliko unavyodhani, na zote zina mfuniko. Kila njia hubeba hadi ampea 30. Kifaa cha boti kimeundwa kustahimili hewa ya chumvi.

Faida yake kubwa ni kwamba kila kipande kinabadilishwa peke yake. Rilei ikifa, unachomoa na kuchomeka nyingine ya aina ileile inayotumika kwenye magari mengi. Ukikosa rilei kabisa, unaunganisha terminali zenye namba 30 na 87 kwa kipande cha waya na safari inaendelea, mradi ukumbuke kukiondoa ukizima pikipiki. Hasara ni nafasi: boksi pamoja na rilei vinahitaji sehemu pana chini ya kiti, na pikipiki nyembamba hazina.

2. Boksi lenye rilei ndani

FZ-1 ya Fuzeblocks ina njia 6 na rilei ya ampea 30 ndani yake. Ukihamisha fyuzi kutoka tundu moja hadi la pembeni, njia hiyo inaacha kuwa na umeme wakati wote na kuanza kufuata ufunguo. Ni akili nzuri sana, na kama nafasi ni ndogo, au hujawahi kufunga rilei, anza na hili. Nimeliweka la pili kwa sababu moja tu: sehemu ya ndani ikifa, huibadilishi kando ya barabara.

3. Kifaa cha elektroniki kisicho na fyuzi

PDM60 ya Rowe Electronics hugawa hadi ampea 60 kwa njia 6, hukata yenyewe mzigo ukizidi, na hupangwa kwa kompyuta. Ni kidogo na kizuri. Kinamfaa mtu mwenye vifaa vingi na asiyetaka kubeba fyuzi za akiba. Mimi napenda kosa ninaloweza kuliona kwa macho, na waya uliokatika ndani ya fyuzi unaonekana.

4. Fyuzi moja ya kwenye waya

Una chaja ya simu tu? Usinunue boksi. Nunua kishikilia fyuzi kisichopitisha maji, basi. Kifaa cha tatu kikija ndipo ufikirie boksi.

5. Kudandia fyuzi za pikipiki, au maboksi ya fyuzi za kioo

Haya mawili nayakataa. Kudandia njia ya taa au ya injini kunamaanisha shoti kwenye chaja inaweza kuzima pikipiki ukiwa kwenye mwendo. Fyuzi za kioo nazo hushikwa na vibano vinavyolegea kwa mtikisiko, kisha vinapata kutu. Chagua fyuzi bapa zenye rangi: nyekundu ni 10, buluu 15, njano 20, na huhitaji kusoma namba gizani.

Kulifunga

Tenganisha hasi ya betri kwanza, na wakati wa kurudisha iwe ya mwisho. Fyuzi kuu ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana, sentimita 15 hadi 20 zinatosha, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla yake hakina ulinzi wowote. Waya kuu uwe wa milimita 4 za mraba. Za vifaa vidogo, milimita 1 inatosha, na jaketi lipewe 1.5. Rudisha hasi za vifaa vyote kwenye betri au kwenye safu ya boksi. Kuegemea fremu yenye rangi na kutu huzaa matatizo ya kuja na kupotea.

Rilei inahitaji waya wa kuiamsha unaopata umeme ufunguo ukifunguliwa. Terminali 86 ichukue waya huo, 85 iende hasi, 30 itoke kwenye fyuzi kuu, 87 iingie kwenye boksi. Rilei hutumia kama ampea 0.15 tu, kwa hiyo waya wa taa ndogo ya nyuma unaweza kuibeba bila shida. Angalizo kwa pikipiki ndogo: baadhi hulisha taa kwa umeme wa AC (unaobadili mwelekeo kila mara, tofauti na wa betri) moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, na rilei itatetemeka badala ya kushika. Pima kwa mita kwanza. Ukikuta AC, chukua waya unaolisha honi au taa ya breki. Na kama pikipiki yako inatumia mfumo wa CAN (mtandao wa waya unaounganisha kompyuta za pikipiki), kama BMW nyingi za kisasa, usiguse waya za taa kabla ya kusoma kitabu chake, kwani kompyuta inaweza kuona mzigo mgeni na kuikata njia hiyo.

Maungio yabanwe kwa koleo sahihi la terminali, kisha yavishwe mpira unaosinyaa kwa joto. Risasi ya kuyeyusha ya kuunganishia waya huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na mtikisiko huukata hapohapo. Acha waya nafasi karibu na usukani, geuza kulia na kushoto hadi mwisho, uhakikishe hakuna unaovutwa.

Washa injini, iache juu kidogo ya mwendo wa kupumzika, washa vifaa vyote kisha upime betri. Volti 13.5 hadi 14.5 ni salama. Ikishuka chini ya 13, zima kifaa kimojakimoja hadi ipande, na hicho cha mwisho kuzimwa ndicho pikipiki haikimudu. Halafu andika ndani ya mfuniko njia ipi ni ya nini, kwa kalamu isiyofutika, na uweke pembeni fyuzi mbili za akiba za kila ukubwa.