Mfuko wangu ulitangulia, ukapotea

Nianze na mfuko, maana mengine yote yanasameheka.

Ulikuwa wa kijani, namba yangu nimeiandika mwenyewe kwa wino mzito, pande zote mbili. Nikaukabidhi kwa waandaaji alfajiri pale tulipoanzia mbio za milimani, karibu na Al Hamra, huku Oman. Ndani: viatu vya akiba, soksi, sweta, tochi ya kichwani na pakiti ya tende. Kijana aliyeupokea akaniambia, "Utaukuta kituo cha katikati, usiwe na wasiwasi." Nami, mjinga, sikuwa nao.

Mbio zenyewe, wallahi, sina la kusema. Kilomita 100 na ushei kwenye makorongo ya Jebel Shams, mlima unaokaribia mita 3,000. Kuna ile njia ya ukingoni mwa korongo la Wadi Nakhr, kutoka Al Khitaym hadi As Sab, kijiji ambacho wenyewe walishakihama: upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu mpaka chini. Mbuzi wanapita hapo kama wako uani kwao. Nyumba za mawe zimejibanza chini ya jabali, makonde ya ngazi yamebaki bila mlimaji. Nilisimama nikasahau kama nakimbizana na saa. Mchana mawe yanakurudishia joto usoni, kokoto zinaporomoka kila ukikanyaga, na kiatu changu cha kulia kikapasuka ubavuni. Si neno, nikajisemea, vingine vipo kwenye mfuko.

Kituo cha katikati nimefika jua limeshazama, na baridi ya huko juu haina mchezo. Mfuko hakuna.

Msimamizi mwenye redio koli hata hakuinua uso. "Namba?" Nikamtajia. "Haupo." "Sasa uko wapi?" "Haupo." Alikuwa anakula tambi za kikombe. Alizivuta mpaka ya mwisho ikaingia mdomoni, ndipo akauliza, "Tochi unayo?" Nikamwambia tochi iko kwenye mfuko. "Basi huendelei. Hakuna kutoka hapa usiku bila tochi, ndiyo kanuni."

Yaani mnipotezee tochi nyie, halafu kosa langu liwe kutokuwa na tochi! Nikabwatuka maneno ambayo mama yangu kule Tanga angeyasikia angenipaka pilipili mdomoni.

"We mtoto, matusi hayo nani kakufunza?"

Kiswahili cha Unguja kabisa, kinatokea nyuma yangu. Mzee, kanzu na koti zito juu yake, birika la kahawa mkononi.

"Shikamoo, mzee," nikanywea.

"Marahaba. Haya, una nini?"

Nikamweleza. Akaenda garini kwake akarudi na tochi ya mkononi, zile ndefu za chuma, nzito kama mchi wa kinu. "Ukishamaliza nirejeshee. Mimi mtoto wa Malindi, Mji Mkongwe, si mtu wa kudhulumiwa tochi." Kisha akamgeukia yule bwana wa tambi, akamwambia jambo kwa Kiarabu, fupi mno. Kikombe kikawekwa chini. Nikapita.

Usiku kucha nimekimbia na mchi mkononi, nikimulika mawe kutafuta alama zile zilizopakwa rangi nyekundu, nyeupe na njano, kiatu kikimeza kokoto. Nimemaliza. Hela niliyolipa siitaji, mke wangu anasoma hapa.

Niliketi kuandika maoni haya nikiwa na nyota moja kichwani ya kuwapa waandaaji, kati ya tano. Nikiikumbuka As Sab nafika nne, na wale vijana waliotugawia maji na machungwa mchana hawana hatia yoyote. Lakini kila nikifika kwenye zile tambi mkono unakataa. Samahani ningeipokea, hata ya nusu mdomo. Sikupewa. Barua nimewaandikia mbili, nikajibiwa "asante kwa kushiriki". Basi iwe moja. Nyingine moja ya mzee wa Malindi, ambaye wala hakuwa mtu wao. Tochi nimempelekea Ijumaa moja, akanizuia mpaka nikala pilau.

Mfuko? Umeletwa juzi, wiki kadhaa baadaye, bila hata kikaratasi. Viatu vipo. Tochi ipo na inawaka. Pakiti ya tende imekunjwa vizuri sana, ndani zimebaki kokwa.