Springi za nikeli-titani za kufunga mapengo ya meno: zinavuta kwa muda gani?

Cheni ya raba, ule mkufu wa raba unaovuta meno yaliyofungwa waya, ikifungwa leo asubuhi kwa gramu 300, kesho saa kama hiyo huenda nusu ya nguvu hiyo imeshapotea, wakati mgonjwa ana wiki nne nzima kabla ya kurudi kliniki. Hiyo ndiyo sababu springi ya nikeli-titani, pamoja na bei yake, haikosi wateja Nairobi. Tunayoipima hapa ni ile iliyosokotwa kwa kubanana, yenye kitanzi kila upande, urefu wa mm 9 au mm 12, inayouzwa kwa pakiti ikiwa na alama ya gramu 100, 150 au 200. Kazi yake ni kufunga pengo linaloachwa na gego dogo lililong'olewa.

Kwa kliniki inayotaka kuweka aina moja tu kabatini, ya gramu 150 inatosha. Majaribio yaliyolinganisha nguvu hizo kwa wagonjwa yalionyesha 150 na 200 zikifunga pengo kwa kasi inayokaribiana, na 100 ikibaki nyuma. Gramu 50 za ziada zinakuletea msuguano na meno kulalia upande, faida yake ni ndogo.

Sasa tuje kwenye kupungua kwa nguvu, maana hapo watu huchanganya mambo mawili. La kwanza ni kuchoka kwa kitu chenyewe: kivute, kiache kwenye urefu uleule, nguvu inashuka bila jino kusogea hata kidogo. Raba huumia zaidi hapa, kwa kuwa inafyonza mate, joto la mdomo linailegeza, na nyuzi zake za ndani zinateleza. Baada ya mwezi, mara nyingi inabakiwa na theluthi tu ya nguvu ya mwanzo. Springi ya nikeli-titani nayo hupungua, nyingi ya hasara ikitokea siku za mwanzo, lakini kwa kiwango kidogo sana ukiilinganisha na raba.

La pili ni kufupika kwa umbali kadiri pengo linavyojifunga. Springi ya chuma kisichoshika kutu haichoki sana, ila ni ngumu. Chukua ya ugumu wa gramu 100 kwa kila milimita, iliyofungwa kwa gramu 200. Jino likisogea milimita moja, ambayo ni kama mwendo wa mwezi mmoja, zimebaki 100. Milimita ya pili ikiisha, springi imening'inia tu. Nikeli-titani ina sifa ya kubadilisha mpangilio wa chembe zake inapovutwa na kuurudisha inapoachiwa, kwa hiyo kwa milimita kadhaa nguvu inakaa karibu palepale. Hapa ndipo pesa yako inapokwenda.

Sifa hiyo ina masharti yake, na la kwanza ni joto. Aloi hii, yaani mchanganyiko wa nikeli na titani, hulegea kwenye baridi na kukaza kwenye joto. Mgonjwa akinywa soda kutoka kwenye friji, nguvu inashuka kwa muda. Akinywa chai ya moto inapanda, kisha mdomo ukirudi kwenye joto lake mambo yanatulia, ingawa baada ya baridi springi inaweza kuchukua muda kabla ya kurejea kikamilifu. Hilo halimdhuru mtu. Linalosumbua ni upimaji. Asubuhi ya Julai, kliniki ya Upper Hill isiyo na kipasha joto inaweza kuwa na nyuzi 17, na springi ukiipima mezani itasoma chini ya vile itakavyovuta mdomoni. Daktari anadhani ni dhaifu, anaivuta zaidi, mgonjwa anaondoka na nguvu ambayo hakuna aliyeikusudia. Pima ndani ya maji ya nyuzi 36 au 37.

Namna ya kusoma mizani pia ina maana. Nguvu ya kuivuta na nguvu inayotoa ikirudi si sawa. Ya kurudi huwa chini, na ndiyo inayosogeza jino. Ivute kwanza kupita kidogo urefu utakaotumia, irudishe taratibu hadi urefu huo, ndipo usome. Ukifanya hivyo kwa springi chache za kila pakiti mpya utaona kwamba namba ya kwenye karatasi na namba ya kwenye mizani haziafikiani kila mara, hasa kwa bidhaa za bei ya chini.

Katika kufunga, waya wa inchi 0.019 × 0.025 wa chuma kisichoshika kutu ndani ya mfereji wa inchi 0.022 wa braketi (kipande kinachogandishwa kwenye jino kushika waya) unahitaji kukaa angalau mwezi mmoja kabla ya springi, mpaka uteleze bila kukwama. Pima kutoka kulabu ya gego la kwanza hadi kulabu iliyo kwenye waya, mbele ya chonge. Ya mm 9 isivutwe kupita mm 22. Ya mm 12 isizidi mm 36. Umbali ukiwa mm 25, usilazimishe ile fupi: tumia ndefu, au ongeza kipande cha waya mwembamba wa kufungia kati ya kitanzi na kulabu. Springi iliyovutwa kupita kiasi unaitambua kwa macho, mizunguko yake imeachana na haibanani tena ukiitoa. Itupe.

Mgonjwa akirudi na pengo lilelile, springi iwe mshukiwa wa mwisho. Angalia kwanza kama braketi imeng'oka (mahindi choma yana kesi nyingi hapa), kama ncha ya waya imepindwa ikakataa kupita nyuma ya gego, kama jino la chini linagonga braketi ya juu. Ugaga ukijaa kati ya mizunguko unaifunga isirudi, na ufizi uliovimba unaweza kumeza kitanzi kabisa. Cheni ya raba hukusanya uchafu pia, ila ile unaibadilisha kila ziara.

Mwenye mzio wa nikeli asiwekewe. Nikeli ni zaidi ya nusu ya uzito wa aloi hii, na kwa mtu huyo cheni ya raba inayobadilishwa kila wiki nne bado ni chaguo la heshima.

Malalamiko yetu makubwa ni juu ya karatasi ya pakiti. Ina urefu, ina gramu, ina alama ya namba 2 iliyokatwa mstari, yaani usitumie mara ya pili, lakini pakiti nyingi hazisemi aloi inakaza kwenye nyuzi ngapi wala gramu hizo zilipimwa kwenye urefu upi. Muulize muuzaji mambo hayo mawili kabla ya kulipa. Akijibu tu kwamba "zote ni sawa", nunua pakiti moja, ipime kwenye maji ya joto, halafu uamue kuhusu ya pili.