Taulo za kike: za kutupa au za kufua?

Kwa bei za kufua zinashinda, ila si siku ya kwanza. Unatoa hela nyingi mara moja, kisha seti inakutumikia mwaka au zaidi. Pakiti ya kutupa ni nafuu leo, na mwezi ujao inadai tena. Kodi nayo usiitegemee: Serikali iliondoa VAT kwenye taulo hizi mwaka 2018, ikairudisha 2019 ikisema bei madukani haikushuka. Ndiyo maana mimi nasema shuleni zigawiwe bure.

Kazi ipo kwenye matunzo. Ya kufua inataka maji, sabuni na jua. Jua Dodoma tunalo la kugawa; maji je? Binti wa Bahi anayepanga foleni ya ndoo kiangazi ataifua na nini? Tena kwa aibu ataianika uvunguni, ibaki na unyevu, imletee muwasho. Ya kutupa haina hayo, ila hujaza choo cha shimo.

Likizo ikifika mgao wa shule husimama. Ya kufua ipo nyumbani.

Una bomba uani? Nunua za kufua. Binti yuko bweni lenye maji ya mgao? Mfungashie pakiti. Wengine huchanganya: ya kufua usiku, ya kutupa darasani.