Ikki Tousen: uanze na anime ya 2003 au manga?

Hadithi ni ileile pande zote mbili, kwenye anime (katuni ya Kijapani ya runinga) na kwenye manga (vitabu vya hadithi za michoro). Mashujaa wa China ya Falme Tatu, waliokufa karibu miaka 1,800 iliyopita, wamerudi wakiwa wanafunzi wa Japani. Kila mpiganaji ana magatama, kijiwe kilichopinda kama shanga, kilichobeba hatima ya yule wa kale.

Kwa muda na pesa, anime inashinda bila ubishi. Vipindi 13 vya studio ya J.C.Staff unavimaliza wikendi moja. Manga ya Yuji Shiozaki, iliyoanza mwaka 2000, ina juzuu 24, na kuzinunua zote ni kutoboa mfuko.

Kwenye kisa mambo yanageuka. Hakufu, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, amebeba hatima ya Sun Ce, jemadari aliyeuawa kijana mwaka 200, kwa hiyo ukiijua historia kila ushindi wake unatia wasiwasi. Manga inaupa mzigo huo nafasi ya kukua. Anime ya 2003 ina haraka. Hata Liu Bei, shujaa mwingine mkubwa wa Falme Tatu, anangoja Dragon Destiny, msimu wa pili wa 2007, ndipo apate uwanja wake.

Mapigano? Anime. Ukurasani wakati mwingine hujui teke ni la nani.

Nguo kuchanika kila ngumi: hapo hakuna nafuu popote, na mimi hunichosha. Si ya kuwasha sebuleni wazee wakiwepo. Kama hilo hulivumilii, ziache zote mbili. Mwenye wikendi moja achukue anime. Aliyekwisha kunogewa na visa vya Cao Cao, mbabe mwingine wa Falme Tatu, manga itamlipa.